Chombo Kimefika?

ZAWADI: Karibuni tena. Leo sina salamu ndefu. Jumapili nilikuwa Bagamoyo na jambo lililotokea huko limenikaa kichwani wiki nzima. Kaka Elia, za kwako?

ELIA: Nzuri, dada. Wewe anza tu, maana tangu Jumatatu unanitumia meseji saa sita za usiku.

ZAWADI: Basi. Mama yangu mnamjua, na mjomba mnamjua, yule nahodha mstaafu ambaye kila nikimtaja mnaniuliza hali yake. Hajambo, anawasalimu. Tumekula, watu wamejinyoosha mkekani uani, nikasema ngoja niwasikilizishe kile kipande cha piano ninachokipenda kuliko vyote. Cha Franz Liszt, yule mtunzi na mpiga piano wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa; kinaitwa Mtakatifu Fransisko wa Paola akitembea juu ya mawimbi.

ELIA: Kile ulichojaribu kukipiga kwenye kinanda cha parokia.

ZAWADI: Nilijaribu kurasa mbili za mwanzo. Mtunzi Mjerumani Max Reger alikipanga upya kwa ajili ya ogani, nikadhani labda huko kitakuwa chepesi. Si chepesi. Basi nikaunganisha simu na spika ndogo ya binamu yangu. Sikusema jina lake wala habari yake. Nilisema tu, huu ni muziki wa dini, sikilizeni.

ELIA: Hukusema neno "mawimbi"?

ZAWADI: Sikusema. Kinaanza chini, wimbo peke yake, mikono yote miwili inapiga sauti ileile kama mtu anayesali kwa sauti nzito. Hapo wote walitulia. Halafu mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka, ukaanza kukimbia, unapanda unashuka, unapanda unashuka, na ule wimbo wa mwanzo upo juu yake hauna haraka. Mama akasema, "Hii vita. Nani kamkosea huyu?" Shangazi akauliza wanapiga watu wangapi. Watoto wakaanza kukimbizana kuzunguka mwembe.

ELIA: Na mjomba?

ZAWADI: Mjomba amefumba macho. Nikadhani amelala. Ghafla akasema, "Kusi hiyo. Bahari ya mwezi wa saba." Na mkono wake wa kulia, kaka, ulikuwa umeshika usukani ambao haupo. Anaupeleka, anaurudisha. Nilisisimka mwili mzima. Tumefika pale muziki unapokaribia kupasuka, simu ikazima. Chaji imekwisha. Uani kimya, mjomba akafumbua macho akaniuliza, "Chombo kimefika?"

ELIA: Ee.

ZAWADI: Hakuna aliyemwambia kuna chombo.

ELIA: Hilo swali zuri sana, hata mimi limenigusa. Lakini nina neno langu, nitalisema. Kwanza wape wasikilizaji kisa chenyewe.

ZAWADI: Fransisko wa Paola ni mtu wa Calabria, kule kusini kabisa mwa Italia. Alizaliwa 1416, akafa 1507. Mtawa maskini. Shirika aliloanzisha likaitwa la Waminimi, yaani wadogo kuliko wote. Mapokeo yanasema mwaka 1464 alitaka kuvuka mlangobahari wa Messina aende Sisilia. Pale panapobana ni kama kilomita tatu tu. Akamwomba mwenye mashua amvushe. Yule akamwuliza, nauli iko wapi? Hana. Akamkatalia. Fransisko akatandaza joho lake juu ya maji, akalibariki, akapanda, ncha moja akaiinua kwa fimbo yake ikawa kama tanga, akavuka.

ELIA: Hapo ndipo sisi wawili tulipokwama tangu Jumatatu.

ZAWADI: Kwa sababu wewe unamtetea nahodha!

ELIA: Namtetea. Ndugu wasikilizaji, kabla hamjaniandikia kama kawaida yenu: mimi najua kukosa nauli. Mnakumbuka siku niliyokwama kivukoni Kigamboni, kadi haina salio, mfukoni sina kitu, na mama mmoja muuza dagaa akanilipia. Simjui hadi leo. Kwa hiyo sizungumzi kama mtu aliyeshiba. Lakini yule nahodha ana tanga la kushona, ana mabaharia wa kuwalisha, ana watoto. Akibeba kila asiye na kitu, mashua itaoza ufukweni.

ZAWADI: Mjomba nilimsimulia kisa baada ya simu kuzima. Unajua alisema nini? Alisema, "Huyo si nahodha, huyo mwenye chombo tu." Akaniambia yeye hajawahi kumwacha mtu pwani kwa sababu ya nauli. Utamweka hata juu ya magunia, atasaidia kuteka maji chomboni, hiyo ndiyo nauli yake.

ELIA: Mjomba amebeba magunia ya watu wenye pesa, ndiyo maana akaweza kumbeba na asiye nazo.

ZAWADI: Na mama akawa upande wako! Akasema, "Kaka, hata wewe ulikuwa unarudi huna kitu, mke wako analalamika kwangu." Wakaanza kubishana wao, muziki ukasahaulika kabisa. Shangazi naye akauliza, huyo mtakatifu alivuka na wenzake au peke yake, na kama alivuka nao, joho lilikuwa na ukubwa gani? Mjomba akataka kujua upepo ulitoka wapi, maana ukishainua kitambaa kama tanga lazima uwe na upepo wa nyuma, la sivyo hata mtakatifu atapelekwa kando.

ELIA: Hiyo ya upepo nimeipenda.

ZAWADI: Saa nzima! Na nikajikuta nafurahi, maana hakuna mtu uani pale aliyesema ni hadithi ya Wazungu. Waliichukua kama habari ya jana ya hapohapo gatini.

ELIA: Haya, sasa Liszt mwenyewe. Maana mwaka 1464 na piano havikutani.

ZAWADI: Havikutani. Liszt aliitwa Franz, yaani Fransisko, na huyu Fransisko wa Paola ndiye aliyekuwa mtakatifu msimamizi wake. Nyumbani kwake Weimar, Ujerumani, alikuwa na mchoro wa Eduard von Steinle: mtakatifu amesimama juu ya joho katikati ya mawimbi, mkono mmoja ameuinua, mwingine umeshika kaa la moto, na juu mbinguni limeandikwa neno moja, Charitas, upendo. Kipande hiki alikiandika 1862 na 1863, yuko Roma. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Desemba 1859 alifiwa na mwanawe Daniel, kijana wa miaka 20. Septemba 1862 akafiwa na binti yake Blandine, miaka 26. Kati ya vifo hivyo viwili, Oktoba 1861, ndoa aliyokuwa akiisubiri miaka mingi na Carolyne zu Sayn-Wittgenstein ikavunjika Roma kabla haijafungwa. Ndipo vikaja hivi vipande viwili vya watakatifu, kile cha Fransisko wa Asizi akiwahubiria ndege na hiki cha mawimbi. Vyote viwili amemtunukia Cosima, mtoto pekee aliyebaki.

ELIA: Hilo la Cosima sikulijua.

ZAWADI: Kwa hiyo mtu akiniambia zile mbio za mkono wa kushoto ni mbwembwe, mimi naumia. Yule mtu alikuwa majini kweli.

ELIA: Basi neno langu ndilo hilo, dada, na sikusudii kukuumiza. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Kipimo changu cha muziki wa dini ni kimoja: umemfanya aliyesikia ageukie wapi? Shangazi aliuliza wanapiga watu wangapi. Mama aliuliza nani kamkosea. Watoto wakakimbizana. Kipande kigumu kiasi hicho kinamgeuza msikilizaji amtazame mpigaji. Anahesabu vidole. Mwaka 1865, mwezi Agosti, Liszt alipovipiga mara ya kwanza hadharani kule Pest, Hungaria, alikuwa ameshapokea daraja ndogo za kanisa, zile zilizo chini ya upadre, na amevaa kanzu. Unadhani watu walijaa pale kusali? Walikuja kumwona Liszt.

ZAWADI: Na mjomba?

ELIA: Mjomba amekaa baharini miaka arobaini. Mjomba akilala chini ya pangaboi anasikia bahari!

ZAWADI: Hapana, kaka, hapana. Angesikia tu bahari angesema bahari akanyamaza. Aliuliza kama chombo kimefika. Maana yake alisikia kitu kinachovuka. Alisikia ule wimbo wa mwanzo, kwamba upo, hauzami, kila wimbi likija unautafuta unaukuta. Na ugumu wenyewe ndiyo sala. Mpigaji anatoa jasho kama anayevuka. Ukiufanya mwepesi, umemvusha mtakatifu kwenye dimbwi. Liszt mwenyewe alitoa pia toleo lililorahisishwa, nimelisoma. Noti za wimbo zipo. Bahari haipo.

ELIA: Lakini sala ipo. Tena kwa maoni yangu, sala ya kipande kile iko sehemu moja: karibu na mwisho, pale mawimbi yanapoisha ghafla na wimbo unabaki taratibu, umekatikakatika, kama mtu anayeongea peke yake. Hapo hakuna ugumu wa vidole hata kidogo. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angepiga. Na hapo mimi machozi hunilenga kila mara.

ZAWADI: Yanakulenga kwa sababu umetoka kwenye dhoruba! Ukianzia hapo hapo, unasikia noti chache tu.

ELIA: Wimbo wa komunyo wa mistari minne hauhitaji dhoruba.

ZAWADI: Anayekuja komunyo ameshapita dhoruba yake wiki nzima. Amekuja nayo. Liszt alitakiwa aiweke ndani ya piano maana hajui aliyeketi mbele yake ametoka wapi.

ELIA: Hmm. Hapana. Naielewa hoja, lakini siipokei. Muziki wa ibada unaoniomba nishangae kwanza ndipo nisali, mimi siwezi kuuita wa ibada. Nauita muziki mkubwa. Naupenda. Ni neno "mtakatifu" tu ambalo sijalitoa.

ZAWADI: Na mimi silirudishi. Papa Pius wa Tisa alimtembelea Liszt kwenye nyumba ya watawa ya Madonna del Rosario, Julai 1863, akakaa akamsikiliza akipiga.

ELIA: Papa kusikiliza si kupitisha kwa matumizi ya misa.

ZAWADI: Sijasema misa. Nimesema sala.

ELIA: Tumekwama, dada.

ZAWADI: Tumekwama. Tuache. Lakini nikuulize kuhusu nauli, maana sijamaliza.

ELIA: Nilijua utarudi huko.

ZAWADI: Liszt alifanya onyesho lake la mwisho la kulipwa Septemba 1847, kule Elisavetgrad, Ukraine ya leo. Ana miaka 35, ndiye mpiga piano maarufu kuliko wote Ulaya. Kuanzia hapo hadi anakufa 1886 hakupiga tena kwa ajili ya mfuko wake. Akipiga ni kwa maskini, wagonjwa, makanisa. Wanafunzi wakija kwake kutoka kila nchi, hakuwatoza senti. Sasa niambie, hakuwa anamjibu yule mwenye mashua wa Messina?

ELIA: Kumbe nahodha wako ni Liszt mwenyewe.

ZAWADI: Anabeba bure!

ELIA: Lakini kwanza alikusanya nauli miaka minane akizunguka Ulaya nzima, kila ukumbi umejaa. Ndipo akaweza kubeba bure. Tumerudi kwa mjomba na magunia ya matajiri!

ZAWADI: Wewe mtu... Haya, mjomba akisikia hii atakupigia simu mwenyewe.

ELIA: Apige. Nina swali la ule upepo wa nyuma.

ZAWADI: Na yule mama wa dagaa wa Kigamboni? Ndoo ya dagaa ina faida gani? Yeye alikulipia bila kukusanya nauli za Ulaya.

ELIA: ...Hapo umenigusa pabaya. Yule mama nilimtafuta, wasikilizaji wanajua. Nilirudi mara tatu, asubuhi, wakati wanashusha. Sikumpata. Kama ananisikia, mimi ni yule kaka mwenye shati la kitenge na faili la kwaya kwapani.

ZAWADI: Mwenye kumjua atuandikie. Na mengine mtuandikie pia: ungekuwa mwenye mashua, ungembeba?

ELIA: Useme na wewe ni mtu wa chombo gani. Wenye bodaboda wana jibu lao.

ZAWADI: Jamani, fundi ananionyesha vidole vitano. Dakika tano? Dakika tano. Na tulipanga mambo matatu ya kuwafundisha jinsi ya kusikiliza kipande kirefu.

ELIA: La kwanza lilikuwa kuufuata wimbo wa mwanzo kila unaporudi.

ZAWADI: Hilo tumelisema katikati ya ugomvi. La pili na la tatu hayawezekani leo, tusiyafanye nusunusu. Tuyaache.

ELIA: Tuyaache. Sasa niulize jambo moja la kweli. Mjomba hajasikia mwisho mpaka leo?

ZAWADI: Hajasikia. Simu ilizima kabla ya ile sehemu yako ya taratibu. Jumamosi nakwenda tena.

ELIA: Basi usimwambie kitu. Usimwambie mawimbi yanaisha, usimwambie hapo panasaliwa. Mweke tu asikilize, umtazame mkono.

ZAWADI: Simwambii.

ELIA: Na akiuliza tena chombo kimefika?

ZAWADI: Nitanyamaza. Aniambie yeye.

ELIA: Na simu uichaji.

ZAWADI: Nimeshanunua betri ya akiba. Tukutane wiki ijayo.