Kumwachia Maski Akapona

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za jioni. Nashukuru mmeacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kunisikiliza.

Msimu wa kuvua maski, yule samaki mkubwa wa maziwa ya hapa Minnesota, hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, na najua vijana kadhaa humu ndani wameshakata leseni. Nataka tuzungumze kabla hamjaingia majini. Mada yenyewe nilipewa na mzee mmoja aliyekaa hapo mbele. Mwaka jana aliniuliza: "Mwanangu, umeshinda ziwani kutwa nzima, umepata samaki wa kulisha nyumba nzima, kisha umemwachia aende. Ulikuwa unamtafutia nini?" Siku ile sikumjibu vizuri. Leo nitajaribu.

Swali lake ni zito. Wengi wetu tumetoka Kisumu, Mwanza, Kigoma, Mombasa. Kwetu samaki ni kitoweo, ni ada ya shule, ni jasho la mtu aliyekesha na karabai. Mtu aliyelelewa hivyo akiona samaki anapigwa picha na kurudishwa, anaona chakula kinachezewa. Sitawaambia kwamba hisia hiyo ni ya kishamba. Mimi mwenyewe ninayo hadi leo.

Lakini maski si sangara, wala si dagaa. Jina lake limetoka kwa Waojibwe, wenyeji wa maziwa haya, wanaomwita maashkinoozhe. Ni samaki mrefu, mwembamba, mdomo kama wa bata uliojaa meno. Kwao ni Maziwa Makuu ya huku Marekani, Mto St. Lawrence, sehemu za juu za Mississippi, na mito inayoingia Ohio. Anakaa peke yake kwenye majani au pembeni ya mwamba, ametulia kama gogo, akingoja. Wavuvi humwita samaki wa mirusho elfu kumi, na asiyewahi kurusha chambo siku tatu mfululizo bila kuguswa huenda akadhani wanatia chumvi. Mara nyingi anafuata chambo hadi ubavuni mwa boti, anakitazama, anageuka. Ndiyo maana utawaona wavuvi wake, kabla ya kutoa chambo majini, wanainama na kuchora namba nane majini kwa ncha ya fimbo ya kuvulia. Hapo ndipo wengine hushambulia, mbele ya macho yako, na moyo unaruka.

Uchache wake ndio jibu la kwanza kwa mzee. Hata kwenye ziwa linalosifika, eka nzima ya maji huwa haina maski aliyekomaa hata mmoja. Jike huchukua miaka kadhaa kabla ya kutaga mara ya kwanza, na akitaga hutawanya mayai kwenye maji ya kina kifupi na kuyaacha, wala hayalindi. Wanaobaki hadi ukubwani ni wachache mno. Yule mkubwa unayemtamani kwa picha kwa kawaida ni jike, na huenda ana miaka 15 au 20. Ukimtoa huyo, ziwa halikupi mwingine mwaka ujao.

Watu wa hapa hawakuzaliwa wakilijua hilo. Mwezi wa saba mwaka 1955, katika Ziwa Leech, kaskazini mwa jimbo hili, maski walianza kushambulia chambo kwa fujo ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Kwa siku chache walitolewa zaidi ya mia moja. Picha zipo hadi leo: samaki wametundikwa safu, wanaume wamesimama kando wakitabasamu. Nikiziangalia sioni watu wabaya. Naona watu waliodhani ziwa halina mwisho, na fikra hiyo tunaijua vizuri sisi tuliotoka ukanda wa Ziwa Victoria.

Mwaka 1966, hapa hapa Minnesota, Gil Hamm alianzisha chama cha wavuvi wa maski kiitwacho Muskies, Inc. Walilea vifaranga na kuvipandikiza maziwani, na polepole wakajenga desturi ya kumrudisha samaki hata pale sheria ilipokuwa haiwalazimishi. Hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Sheria ilikuja kuwafuata. Tangu mwaka 2015, maski wa Minnesota aliye chini ya inchi 54, yaani sentimita 137, haruhusiwi kuchukuliwa katika maji karibu yote ya jimbo. Wavuvi wengi hawatamgusa wa urefu huo maisha yao yote.

Na kwa kina mama: hata angeruhusiwa, nisingependa awe mezani kwenu. Samaki anayekula samaki wenzake kwa miaka mingi hujirundikia zebaki mwilini. Idara ya afya ya jimbo inawaambia wajawazito na watoto wasimle kabisa. Kitoweo kipo, tena kitamu, kwa samaki wadogo wa maziwa haya haya.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta.

Maski wangu wa kwanza nilimuua, na nilimuua huku nikimwachia. Ilikuwa mwezi wa saba, joto kali, maji kama chai iliyopoa. Alipigana muda mrefu kwa sababu fimbo yangu ilikuwa nyepesi, na mimi nilifurahia mapambano yaendelee. Nilimwingiza botini, akajipigapiga sakafuni. Koleo lilikuwa chini ya mizigo. Ndoana zilipotoka nilimwinua kwa taya, akaning'inia wima, nikapigwa picha, nikaomba nyingine, nikampima. Kisha nikamrudisha majini, nikaona mkia ukitikisika, nikapiga makofi. Baada ya robo saa alielea, tumbo juu, mita chache kutoka botini. Alikuwa na inchi 42. Sheria haikuniruhusu kumchukua hata akiwa mfu, kwa hiyo sikumla, wala hakuishi. Nilikaa naye hapo hadi jua likapungua.

Tangu siku ile naamini kwamba kuachia si kufungua mkono. Tujue kinachompata. Akipigana sana, misuli yake hujaa asidi na pumzi humwishia, kama mtu aliyekimbia mlima. Maji ya moto yana oksijeni kidogo, kwa hiyo pumzi hairudi. Ukimtoa hewani, matamvua yake hugandana na hayafanyi kazi. Ukimning'iniza wima, uzito wote ambao maji yalikuwa yanaubeba unavuta taya na uti wa mgongo, na matumbo yanashuka. Kila kimoja peke yake anaweza kukivumilia. Mimi nilimpa vyote kwa mkupuo.

Kwa hiyo leo natembea na kipimajoto. Maji yakifika nyuzi 80 za Farenhaiti, kama 27 za Selsiasi, sivui maski. Nageuza boti nikatafute samaki wa kukaanga. Fimbo yangu ni nene, mshipi una nguvu, na kabla ya chambo kuna kipande cha waya ambacho meno hayakati, ili vita viwe vifupi na asikimbie na ndoana mdomoni. Wavu ni mkubwa, wenye nyuzi zilizopakwa mpira zisizokwangua ute wake. Na wavu huo si wa kumtolea majini, jamani. Ni zizi. Anabaki ndani ya maji, kichwa chini ya uso wa ziwa, nami nainama ubavuni mwa boti kufanya kazi. Mkononi nina koleo refu na kikata chuma. Ndoana ikigoma, naikata. Ndoana ni ya pesa ndogo, samaki ni wa miaka 15.

Picha? Piga. Lakini kamera iwe tayari kabla hajainuliwa. Mkono mmoja chini ya kifuniko cha matamvua, vidole visiguse matamvua yenyewe, mkono mwingine chini ya tumbo, alale mlalo. Nawe ubane pumzi unapomwinua. Ukihisi unataka kupumua, naye anataka.

Jambo moja hunisumbua zaidi. Wako wanaotumia samaki hai kama chambo kwenye ndoana moja, wakamngoja maski ameze. Ndoana inanasia tumboni. Watafiti wa Wisconsin waliwafuatilia maski walionaswa hivyo: waliondoka wakiogelea vizuri tu, na kabla ya mwaka kwisha wengi wao walikuwa wamekufa. Mvuvi alirudi nyumbani akiamini ameokoa samaki. Ukitaka chambo hai, tumia ndoana zinazokuruhusu kuvuta mara tu anapokigusa, zinase mdomoni.

Na msidhani haya ni ya Wazungu wa maziwa baridi pekee. Kule Watamu na Malindi, manahodha wetu wameshawarudisha baharini sulisuli kwa miaka mingi, wakiwa wamewapachika alama ili wajulikane wanakosafiri. Mtoto wa Mijikenda anayeshika mdomo wa sulisuli ubavuni mwa boti anafanya kazi hii hii ninayowaelezea.

Mzee, bado sijakujibu nilikuwa namtafutia nini. Mwezi wa kumi uliopita, alfajiri, nilimshika mmoja kwenye shina la mkia, ndani ya maji, mikono imekufa ganzi. Sikumsukuma mbele na nyuma. Nilimshika tu akiwa mlalo, mgongo juu, matamvua yakifunguka na kufunga. Dakika moja, mbili, tano. Kisha nikahisi nguvu inarudi mkiani, kwanza kama mshipa wa damu unaopiga, halafu akajivuta mwenyewe kutoka mkononi mwangu akazama. Nilikuwa namtafutia hilo.

Wavu na koleo nimeviacha pale mlangoni. Vijana, njooni mmoja mmoja mvishike kabla hatujanywa chai.