Sufuria Inatoka Jasho

MWAJU: Haya wapendwa karibuni tena, leo mniwie radhi nina hasira. Juzi nimenunua sufuria Kariakoo, mpya kabisa, nafika home Mbagala naijaza maji naibandika kwenye gesi, mara nasikia tsss, tsss, nachungulia chini kitako kinadondosha maji. Nikafuta, nikabandika tena, yale yale. Nikajua nimeuziwa sufuria ina tundu.

DEO: Usiniambie umeirudisha.

MWAJU: Nimepanda daladala na sufuria langu mpaka dukani! Yule kaka akajaza maji, akainyanyua juu, hata tone halikudondoka. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

DEO: (anacheka) Dah, dada yangu. Yale maji yametoka kwenye gesi.

MWAJU: Gesi ina maji?

DEO: Haina, inayatengeneza ikiungua. Mle mtungini kuna propeni na butani, tuchukue propeni, fomula yake C3H8, yaani molekuli moja ina kaboni 3 na haidrojeni 8. Ukiwasha, oksijeni ya hewani inaingia kati, kaboni inabeba oksijeni inakuwa CO2, haidrojeni nayo inabeba yake inakuwa H2O, ndo maji hayo. Yanapanda kama mvuke, yakikuta kitako bado cha baridi yanakuwa matone, sufuria ikishashika moto jasho linakata lenyewe.

MWAJU: Kweli lilikata! Mi nikajua tundu limezibwa na masizi.

DEO: Andika basi: C3H8 + 5O2 → 3CO2 + 4H2O.

MWAJU: Aa, kubalansi! Hiyo ndo iliyonipeleka Arts.

DEO: Hesabu tu kama chenji. Kaboni 3 huku, 3 kule. Haidrojeni 8, kule maji manne kila moja ina mbili, nane. Oksijeni 10, kule 6 na 4. Atomu haipotei njiani. Namba ya mbele unaruhusiwa kubadilisha ila ile ndogo ya chini usiiguse, ukiandika H2O2 ili mahesabu yakae sawa, hayo sio maji tena, hiyo ni dawa ya kusafishia vidonda.

MWAJU: Hii mbona hatukuambiwa darasani, tulikuwa tunakariri tu.

DEO: Subiri, tamu iko hapa. Ule mtungi wako wa kilo 6 mpaka unaisha, umetengeneza maji zaidi ya lita 9.

MWAJU: Acha uongo Deo. Kilo 6 zitoe lita 9?

DEO: Karibu nusu ndoo! Uzito mwingi wa maji ni oksijeni, na hiyo haikutoka mtungini, imetoka humo humo jikoni kwako.

MWAJU: Mbona kwenye mkaa sijawahi kuona sufuria inatoka jasho?

DEO: Swali zuri hilo. Mkaa ulioshika vizuri karibu wote ni kaboni, haidrojeni yake ilishatoka na moshi kule kwenye tanuri, sasa maji utayatoa wapi? C + O2 → CO2, imeisha hiyo. Ila hewa ikiwa kidogo inakuwa 2C + O2 → 2CO, na hiyo CO, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi na inaua, ndo maana jiko la mkaa usilale nalo ndani umefunga madirisha, hata mvua inyeshe vipi.

MWAJU: Hizo zote ni za kuungua. Nyingine je?

DEO: Zipo nyingi. Ile ya kutengana, mawe ya chokaa (CaCO3) ya kule kilima cha Wazo, Dar, yakichomwa yanatengana kuwa chokaa (CaO) na CO2, CaCO3 → CaO + CO2, saruji inaanzia hapo. Ya kuungana ni kama geti lako la chuma likipata kutu, chuma na oksijeni, na unyevu lazima uwepo, sasa kaa Kigamboni na ile chumvi ya bahari uone linavyokwisha haraka.

MWAJU: Geti tutaliongelea siku nyingine. Mi nilimwita yule kaka mwizi mbele ya wateja wake.

DEO: Rudi ukamuombe radhi.

MWAJU: Mimi? Sirudi pale. Nampa mdogo wangu nauli, aende na hiyo ikwesheni kwenye karatasi.