Noti Zilizoyumbisha Mapinduzi ya Ufaransa

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Kila ikifika Julai 14 mnaona huko nyumbani gwaride la Paris, na wengi mnataka kusikia habari za Bastille, ile ngome na gereza la Paris lililovamiwa na wananchi mwaka 1789. Leo naomba tuiache Bastille kidogo. Nataka tuzungumzie noti, kwa sababu ukijua pesa za Mapinduzi zilivyoharibika, utaelewa kwa nini matumaini ya 1789 yaligeuka umwagaji damu, kisha nchi ikaishia mikononi mwa jenerali.

Mwaka 1788 mapato ya Mfalme Louis XVI yalikuwa takriban livre milioni 503 (livre ndiyo pesa ya Ufaransa ya wakati huo), na matumizi milioni 629. Katika matumizi hayo, milioni 318 zililipa madeni tu, mengi yakiwa ya vita, hasa ile ya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza. Agosti mwaka huo hazina ikakwama. Mfalme akalazimika kuitisha Baraza la Matabaka Matatu, yaani makasisi, makabaila na wananchi wa kawaida, ambalo halikuwa limekutana tangu 1614. Lilifunguliwa Versailles Mei 5, 1789. Yeye alitaka wamtafutie kodi. Wajumbe wa tabaka la tatu, kabla Juni haijaisha, wakajitangaza kuwa Bunge la Taifa.

Bunge likalirithi lile deni. Novemba 2, 1789, likaamua mali za Kanisa ni mali ya taifa: mashamba, misitu, majumba. Lakini ukiimwaga ardhi yote hiyo sokoni kwa mpigo mmoja, bei inaanguka, na hazina ilihitaji pesa siku hiyohiyo. Ndipo Desemba zikabuniwa noti zilizoitwa assignat, za livre milioni 400. Serikali inamlipa anayeidai kwa noti. Mwenye noti anakwenda mnadani kununua ardhi ya Kanisa. Noti ikirudi hazina, inachomwa moto. Ardhi ikimalizika kuuzwa, noti nazo zimekwisha na deni limepungua. Mimi nausifu mpango huu. Ulibuniwa na watu wenye akili timamu.

Uliharibikia kwenye utekelezaji. Wananchi walikataa kulipa kodi za zamani, na kodi mpya zilichelewa kukusanywa, kwa hiyo noti za kulipia deni zikaanza kulipia matumizi ya kila siku. Septemba 1790 kikomo kikapandishwa hadi bilioni 1.2, na riba iliyokuwa juu ya noti ikafutwa. Masharti ya mnada nayo yalikuwa laini mno: mnunuzi wa shamba alitanguliza asilimia 12, kilichobaki akalipa kwa miaka 12. Noti hazikurudi kuchomwa kwa kasi ile zilivyochapwa. Na aliyechelewesha malipo alikuja kumaliza deni lake kwa karatasi zisizo na thamani, ndiyo maana wakulima wenye uwezo na matajiri wa mjini walijipatia ardhi kwa bei ya kutupa. Mkulima asiye na kitu hakuambulia chochote, na hilo linaniuma kila ninaposoma habari hizi.

Tena noti zenyewe zilikuwa kubwa mno. Katika masika ya 1790 ndogo kabisa ilikuwa ya livre 200, wakati kibarua wa Paris alipata livre moja, au moja na nusu, kwa siku. Noti ya livre 5 ilikuja mwaka 1791, sarafu zikiwa zimeshafichwa.

Aprili 20, 1792, Ufaransa ikatangaza vita dhidi ya Austria. Vita vililipiwa kwa kuchapa noti.

Sasa tulieni hapa, maana 1793 ndiyo kiini. Kufikia Agosti, noti ya livre 100 ilinunua vitu vya livre 22 hivi za sarafu. Tayari tangu Aprili 11 sheria ilisema anayeuza sarafu kwa bei ya juu kuliko noti atafungwa minyororo miaka 6. Septemba 29 ikaja sheria ya Maximum: bei za bidhaa muhimu zisizidi za 1790 kwa zaidi ya theluthi moja, na mishahara isizidi ya 1790 kwa zaidi ya nusu. Vikosi vikatumwa vijijini kutoa nafaka maghalani. Na noti ikapanda! Desemba ilifikia karibu nusu ya thamani yake. Tunapozungumzia Utawala wa Hofu, kipindi hicho cha kuwaua walioitwa maadui wa Mapinduzi, tunataja gilotini, mashine ya kukata vichwa, tunasahau kwamba hofu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia noti.

Lakini kikomo cha mishahara kilimgusa fundi na kibarua wa Paris, watu waliokuwa nguzo ya Robespierre, kiongozi mkuu wa Utawala wa Hofu. Julai 23, 1794, viwango vipya vilivyopunguza ujira vikatangazwa. Siku nne baadaye Robespierre akapinduliwa bungeni. Usiku ule, alipokuwa Hôtel de Ville, jengo la serikali ya jiji la Paris, waliokusanyika kumtetea walitawanyika.

Waliomwondoa wakaifuta Maximum Desemba 24, 1794. Baridi ilikuwa kali hadi mto Seine ukaganda, mkate ukaadimika, na katikati ya 1795 noti ya livre 100 ilikuwa na thamani ya livre 3 hivi. Mei 20 umati ulivamia bunge ukidai mkate na Katiba ya 1793, ukazimwa na jeshi. Oktoba 5 ilikuwa zamu ya wafuasi wa mfalme kuasi, na aliyewapiga kwa mizinga alikuwa jenerali kijana aitwaye Napoleon Bonaparte, yule niliyemgusia mwanzoni. Tangu hapo, bila askari serikali isingesimama.

Uwanja huu mnaouona nyuma yangu, wenye maduka ya vito, ni Place Vendôme. Februari 19, 1796, mitambo na vibao vya kuchapia assignat viliharibiwa hapa mbele ya watu. Noti za zaidi ya livre bilioni 40 zilikuwa zimeshatolewa. Mwaka uliofuata serikali ikafuta theluthi mbili ya deni lake, na waliokuwa wameikopesha wakapata hasara.

Fedha imara ilikuja mwaka 1803 chini ya Bonaparte: faranga ya gramu 5, sehemu 900 kwa 1000 zikiwa madini ya fedha. Uzito huo haukuguswa hadi Vita Kuu ya Kwanza.