Kulikunjua Bati Kabla ya Kulikunja

Mabibi na mabwana, fundi bati wa Kamukunji, Nairobi, anapotengeneza faneli, huanza na bati lililolazwa chini, akachora juu yake umbo ambalo halifanani hata kidogo na faneli. Programu ya kuchorea kwa kompyuta inageuza mwendo huo: sisi tunachora faneli iliyokamilika, nayo inatutafutia umbo bapa la kukatwa. Hata hivyo, itakunjua vizuri iwapo tu tumeieleza ukweli kuhusu bati lenyewe.

Chukueni faneli yenye mdomo wa kipenyo cha mm 300, tundu la chini la mm 60 na kimo cha mm 160. Ubavu wake ulioinama una urefu wa mm 200, na tukiurefusha hadi kwenye ncha ya pia (koni), kutoka nchani hadi ukingo wa mdomo ni mm 250, na hadi ukingo wa tundu ni mm 50. Kwa hiyo umbo bapa ni kipande cha pete kilicho baina ya matao hayo mawili, chenye pembe ya digrii 216. Lakini faneli iliyofungwa pande zote haikunjuki. Ni lazima tuache ufa mwembamba, tuseme wa nusu milimita, mahali patakapokuwa na mshono, na ufa huo uwe pale ambapo mkono wa mchomeleaji utafika.

Linalotugharimu zaidi ni unene. Niliwahi kuandaa bomba la kipenyo cha nje cha mm 300 kwa bati la mm 3, nikatafuta mzingo kwa kipenyo hicho cha nje, nikapata mm 942.5. Bati lilipotoka kwenye rola, kingo zake zilipandana kwa zaidi ya mm 9, na fundi akalazimika kulikata upya kwa grenda. Bati likipinda, upande wa nje hutanuka na wa ndani hubanwa, na baina yake kuna tabaka lisilorefuka wala kufupika; urefu wa tabaka hilo ndio urefu wa bati bapa. Katika mpindo mpana kama ule, tabaka hilo liko katikati ya unene, kwa hiyo nilipaswa kutumia kipenyo cha mm 297, ambacho mzingo wake ni mm 933.

Katika kunjo kali, tabaka hilo husogea kuelekea ndani, na programu huuliza mahali lilipo kwa namba iitwayo kigawo cha K, yaani sehemu ya unene wa bati, ikihesabiwa kutoka upande wa ndani. Kwa bati la mm 2, lililokunjwa digrii 90 kwa nusu kipenyo ya ndani ya mm 2, kigawo cha 0.44 hutoa urefu wa bati bapa wa mm 4.52 kwa kunjo hilo, na cha 0.33 hutoa mm 4.18. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini baada ya makunjo sita imefika mm 2, na mfuniko wa sanduku haukai. Ndiyo maana nawasihi msiikubali namba iliyokuja na programu: kateni kipande cha mm 100 cha bati lenu, kikunjeni kwa mashine yenu, kisha pimeni.

Karai ni habari nyingine. Mwanahisabati Mjerumani Gauss alithibitisha mwaka 1827 kwamba uso uliopinda pande mbili kwa pamoja, kama wa tufe, hauwezi kulazwa bapa bila kuvutwa au kubanwa. Programu itatoa makadirio ya duara la kuanzia. Umbo la karai lenyewe linatokana na nyundo, kwa kulitanua bati pigo baada ya pigo.