Seti ikifika 6-6: miaka ya kwanza ya Jakub Menšík

Shikamooni wakubwa, na nyie vijana mambo vipi. Wale mliokaa nyuma kama sauti haifiki pungeni mkono niongeze.

Leo tunamzungumzia Jakub Menšík, dogo wa Ucheki anayecheza tenisi, na naomba mtoe kwanza lile kombe la Miami kichwani, tutalifikia. Mi nimemfuatilia huyu kijana tangu akiwa junia, na kitu ambacho kimenishika ni kimoja tu, mechi zake kubwa karibu zote zinaamuliwa na pointi chache sana, seti inakaba, gemu 5-5, 6-6, na hapo ndo unamuona anapoteza, anapoteza tena, halafu siku moja anaanza kushinda na hashikiki. Nataka tuangalie hapo kwenye 6-6 alijifunzia wapi, manake watu wanasema tu "ana kipaji", kipaji hatukatai anacho, lakini neno hilo halimsaidii mtoto wako hata kidogo.

Alizaliwa tarehe 1 Septemba 2005 Prostějov, mji mdogo tu wa Moravia, mashariki ya Ucheki, watu 40,000 na ushee. Ukiwa mtu wa tenisi hilo jina unalijua, manake pale kuna klabu ambayo wamepitia Petra Kvitová aliyebeba Wimbledon 2011 na 2014, na Tomáš Berdych aliyefika fainali ya Wimbledon 2010. Yani mtoto wa pale akienda sokoni na mama yake anaweza kupishana na bingwa wa Wimbledon na wala isiwe habari. Ucheki nzima ina watu wasiofika milioni 11 na bado kila kizazi wanatoa, Navratilova, Lendl, Novotná, Kvitová, juzijuzi Vondroušová akachukua Wimbledon 2023 na Krejčíková akachukua 2024, mfululizo. Siri yao sio kwamba serikali imemwaga hela, ni klabu za mitaani, kila mji una viwanja vyake vya udongo, klabu zinashindana ligi, na mtoto wa miaka kumi anamuona mkubwa wa klabu yake anacheza mechi yenye maana, anamuona akikasirika, akikosea, akirudi mchezoni. Hicho kitu cha kumuona mkubwa wako kwa karibu mi nakithamini kuliko hata mashine ya kurushia mipira.

Berdych huyohuyo alishinda Masters ya Paris, ngazi iliyo chini tu ya yale mashindano manne makubwa yanayoitwa Grand Slam, Novemba 2005, Menšík ana miezi miwili tu, bado yuko mgongoni. Baada ya hapo hakuna mwanaume wa Kicheki aliyeshinda Masters tena mpaka huyu mtoto alipokua akaja kuichukua mwenyewe.

Sasa twende Melbourne, Januari 2022, Australian Open ya majunia. Na hapa tusisahau la kwetu, mashindano hayohayo Angella Okutoyi alikua msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya singles kwenye Grand Slam ya majunia, akafika raundi ya tatu, na Julai mwaka huohuo akabeba Wimbledon ya majunia kwenye dabo na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Kwahiyo hawa ni rika moja, walikua kwenye viwanja vilevile.

Menšík ana miaka 16, yuko fainali na Bruno Kuzuhara wa Marekani. Jua la Melbourne wengine mmeliona kwenye tivii, linatoka chini kwenye uwanja linapanda miguuni. Seti ya kwanza tai-breki, ile gemu ya kuamua seti ikifika 6-6, anapoteza. Seti ya pili tai-breki, anashinda. Ya tatu inaenda 5-5, 6-5, misuli inaanza kukaza, kwanza mguu mmoja, halafu mwili mzima, pointi ya mwisho hata hakuweza kucheza mpira sawasawa, akaanguka pale chini. Masaa matatu na dakika arobaini na kitu kwa mechi ya majunia! Akatolewa uwanjani kwa kiti cha magurudumu, kombe la mshindi wa pili hakulipokea kwa kusimama na wenzake. Zile picha zilizunguka dunia nzima. Wazazi, mnielewe, mtoto alikua hajashindwa kimbinu, seti tatu zilizokaribiana hivo ni sawa kwa sawa, mwili ndo uliishiwa pointi chache kabla ya akili.

Na hapo kuna jambo zuri lilitokea. Novak Djokovic, ambaye Menšík alikua anamuangalia tangu utotoni, alimuona huyu kijana akavutiwa, akamwalika kwenda kufanya nae mazoezi. Fikiria una miaka 16 unapiga mpira na mtu ambae bango lake liko chumbani kwako. Kuona bingwa anakula nini, anajinyoosha muda gani kabla ya kushika raketi, inakufundisha vitu ambavyo kocha angekwambia mwaka mzima usimuamini.

Mwaka 2023 akaenda US Open kupitia mchujo. Kwa ambao hamjui, mchujo wa Grand Slam ni mechi tatu ambazo hakuna mtu anaziangalia, ukipoteza moja unarudi nyumbani, ukishinda zote tatu ndo unahesabiwa umeingia. Akapita. Akashinda na mechi mbili za mashindano yenyewe. Raundi ya tatu, wiki hiyohiyo anayotimiza miaka 18, anakutana na Taylor Fritz mbele ya Wamarekani wenzie. 6-1, 6-2, 6-0. Gemu tatu mechi nzima. Lile jina la Fritz liwekeni akiba.

Kuna wachezaji wangetoka pale wakajificha mwaka. Yeye Januari 2024 yuko tena kwenye mchujo, Australian Open, akapita, akamtoa Denis Shapovalov, akampeleka Hubert Hurkacz seti tano ndo akafungwa. Halafu Februari akaenda Doha, Qatar.

Doha 2024 nawaomba mkaitafute muiangalie yote kama mnaweza, hasa mechi na Andy Murray. Menšík alikua namba 116 duniani, Murray ni mzee wa mapambano marefu, mtu ambae amejenga maisha yake yote kwenye kukataa kufa. Seti tatu, tai-breki tatu, zote tatu, 7-6, 6-7, 7-6, masaa matatu na dakika ishirini na tatu. Na mwili haukukaza! Miaka miwili kabla angebebwa. Siku iliyofuata akamfunga Andrey Rublev aliyekua namba 5 duniani, nusu fainali akamtoa Gaël Monfils. Fainali akapoteza kwa Karen Khachanov, na amepotezaje? Seti ya kwanza tai-breki iliyofika 14-12. Kumi na nne kwa kumi na mbili! Alipata nafasi, mwenzie akapata nafasi, inaenda inarudi, mwishoni Khachanov akaimaliza, na seti ya pili ikawa 6-4. Kwahiyo karibu kabisa na taji, tena ilikua 6-6. Ila safari hii alitoka na miguu yake, na akaingia ndani ya mia moja bora.

Nisimame hapa kidogo kwenye hiyo tai-breki kwa ajili ya watoto. Seti ikifika 6-6 mnacheza mpaka 7, ukiwa umemzidi mwenzio kwa mbili. Anaeanza anasevu, yani anaanzisha mpira, mara moja, halafu kila mtu anasevu mbili mbili. Maana yake ni nini, mtu mwenye sevu kali akizitunza zake zote, anahitaji kuiba moja tu ya mwenzie. Moja. Menšík ana urefu wa mita 1.93, sevu yake inatoka juu inashuka kama nazi imeanguka, ukiisogelea imeshapita. Lakini warefu wenye sevu wako wengi na hawashindi tai-breki zote. Muangalieni yeye anachofanya kabla ya kusevu kwenye 5-4: hakimbilii mpira, anapumua, anachagua upande mapema, na akishachagua habadilishi mkono ukiwa hewani. Ile sevu ya pili anaipiga kwa nguvu, haisukumi. Vijana wengi hapa, nawaona viwanjani, mkifika 6-6 sevu ya pili inakua ya kuomba radhi. Na bekihendi yake ya mikono miwili anaipiga sambamba na mstari wakati mtu anategemea ikatize uwanja, ndo hapo ile pointi moja ya kuiba anaipata.

Oktoba 2024 Shanghai akakutana na Djokovic kwa mara ya kwanza kwenye mechi rasmi, robo fainali. Seti ya kwanza tai-breki, akashinda Menšík. Halafu 6-1, 6-4 kwa Djokovic. Yani tai-breki alishaijua, kilichobaki ni baada yake, ukishamuumiza mkubwa anarudi na hasira na wewe bado unasherehekea ndani ya moyo. Januari 2025 Australian Open akamtoa Casper Ruud, raundi inayofuata anaongoza seti mbili kwa bila dhidi ya Davidovich Fokina na akapoteza zote tatu zilizobaki. Iliuma sana ile, hata kwa sisi tunaoangalia usiku wa manane.

Haya, Miami, Machi 2025. Namba 54 duniani, hajawahi kushinda taji lolote la ATP, ile ziara ya wanaume wa kulipwa. Na nusura asicheze kabisa. Goti lilikua limemuuma kiasi kwamba muda mfupi kabla ya mechi ya kwanza hakuweza kukimbia, akachukua karatasi ya kujitoa, akaenda ofisini kwa refa aisaini. Refa kaenda kula chakula cha mchana. Basi wakati anasubiri akapita kwa fisio, mtaalamu wa tiba ya viungo, akahudumiwa, akashauriwa ajaribu, akaingia akamfunga Bautista Agut. Kila mtu anapenda kuisimulia hii kama bahati. Mi naiona tofauti, kijana aliyewahi kutolewa kwa kiti cha magurudumu kafika mahali anajua maumivu gani ni ya kusimama na yapi ni ya kuendelea nayo, na anasikiliza watu wa tiba. Wangesema hapana angejitoa, karatasi alishaishika.

Halafu mfululizo. Jack Draper, katoka kuchukua Indian Wells, Masters nyingine, wiki hiyohiyo, 7-6, 7-6. Safiullin. Mcheki mwenzie Macháč akajitoa bila kucheza. Arthur Fils, seti ya kwanza 7-6. Nusu fainali, nani? Taylor Fritz. Yule wa gemu tatu, tena nyumbani kwao Marekani. 7-6, 4-6, 7-6, na ile tai-breki ya mwisho 7-4. Mtu aliekufundisha aibu ukiwa na miaka 18, ukiwa na 19 unamtoa kwenye tai-breki ya seti ya tatu.

Fainali ilikua Jumapili tarehe 30, mvua ikanyesha ikachelewesha zaidi ya masaa matano. Upande wa pili Djokovic, miaka 37, anatafuta taji lake la 100, kukawa na miaka 18 kati yao, tofauti kubwa kuliko fainali yoyote ya Masters. Kukaa chumba cha wachezaji masaa matano na hofu yako, nyie mnaocheza mnajua ilivyo, unakula, unajinyoosha, unakaa, unaambiwa bado. Akaingia, 7-6, 7-6, zote mbili 7-4. Mashindano mazima alicheza tai-breki saba akashinda zote saba. Akalala chali pale kati. Kwenye kipaza sauti akamwambia Djokovic kwamba yeye ndo sababu ya kuanza tenisi, na yule mkubwa akakubali hadharani kwamba kijana alikua bora kwenye nyakati ngumu. Na fisio akashukuriwa palepale mbele ya watu. Zaidi ya dola milioni 1, pointi 1,000, kutoka namba 54 mpaka 24.

Sasa sitaki muondoke mkidhani hapo alimaliza. Miezi miwili baadae, French Open, raundi ya pili, anaongoza seti mbili kwa bila dhidi ya Henrique Rocha, Mreno aliyetokea mchujo, na akapoteza seti tatu zilizofuata. Ileile ya Melbourne na Davidovich Fokina. Miami mnacheza seti mbili za ushindi, Grand Slam ni tatu, na mwili wa miaka 19 unaoweza kushinda tai-breki saba kwa siku kumi na kitu bado sio mwili wa kucheza masaa manne kila baada ya siku moja kwa wiki mbili. Sio suala la moyo, msimwambie mtoto kwamba ni moyo. Ni mifupa kukomaa, ni gym ya miaka, ni kujifunza kushusha mchezo ukiwa unaongoza bila kuupoteza, na hilo Djokovic mwenyewe alichukua miaka kulipata.

Makocha, kwahiyo ombi langu ni dogo, mazoezi ya Jumamosi angalau nusu saa wekeni watoto wawili, alama zianzie 6-6, wamechoka, mwisho wa zoezi na sio mwanzo, na sevu ya pili apige kweli. Naona mkono kule nyuma, dada mwenye kofia, uliza.