Stamina Itasubiri, Kwanza Tuone Viatu

Mama zangu, shikamooni. Na nyie wengine, hamjambo?

Nimepita pale mlangoni mlipovua viatu, nikavitazama pea moja moja. Kwa hiyo ile mada niliyopewa, ya kujenga stamina ya mbio, itasubiri kidogo. Nusu ya viatu vile vimekufa. Vimefuliwa, vinang'aa, kamba nyeupe pe, lakini vimekufa, na hakuna anayejenga stamina juu ya maiti.

Raba ya kukimbilia hainunuliwi kwa sura. Kinachofanya kazi ni sponji, lile tabaka nene lililo kati ya unyayo wako na mpira wa chini. Kila hatua ya mbio inatua kwa kishindo cha mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Sponji ikichoka, kishindo hicho kinapokewa na ugoko na magoti. Na sponji huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800. Anayekimbia kilomita 20 kwa wiki anaimaliza pea kati ya miezi sita na tisa. Mwenzetu mmoja hapa amevaa ya tangu kidato cha nne cha mtoto wake. Simtaji.

Najua mnanunua mtumba. Sina ugomvi na mtumba. Soko la Karume utapata raba ambayo mwenyewe huko Ulaya aliivaa mara tano tu. Tatizo ni kwamba muuzaji anajua kuosha kuliko wewe unavyojua kukagua. Basi kagua hivi. Iweke pea juu ya kitu bapa, uitazame kwa nyuma, macho yako usawa wa kisigino. Kikilala ndani au nje, yule wa kwanza alikanyaga hivyo, na sasa atakukanyagisha na wewe. Bonyeza sponji ubavuni kwa kidole gumba: iingie kidogo, irudi. Ikiwa ngumu kama sabuni ya mche, acha. Ukiona mistari myembamba iliyolala, imejikunja kama ngozi ya kiwiko, sponji hiyo imeshabanwa na haifumuki tena. Ikunje: raba nzima hukunjika pale vidole vinapoanzia, ikijikunja katikati kama chapati, mrudishie. Toa soli ya ndani, na ukikuta vidole vitano vya mtu vimejichora mle, mrudishie. Igeuze chini, mpira ukiwa umeisha hadi sponji inachungulia, huna haja ya kuniuliza. Mwisho nusa. Gundi mbichi ikinuka, soli imebandikwa jana.

Na kipo kiatu kinachodanganya kuliko kilichochakaa: kile kipya kilicholala stoo miaka. Gundi hukauka, na ipo aina ya sponji inayooza kwa unyevu wa hewa hata isipovaliwa. Kwa unyevu huu wa Dar! Unafika daraja la Tanzanite, soli imebaki ufukwe wa Coco.

Sasa kuna mmoja, hakosekani popote, atainua mkono aseme: mbona yule Mwethiopia, Abebe Bikila, alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku? Alishinda, ndiyo. Na mwaka 1964 Tokyo akashinda tena, miguuni ana viatu, hiyo hamuisimulii. Halafu yeye alikuwa amejifua peku kabla ya kwenda. Unyayo wako umelelewa na kandambili na kapeti ya ofisini. Mkono ushuke.

Kipimo. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kwa shughuli za siku, na uende na soksi zako za mazoezi. Pima umesimama. Mbele ya kidole kirefu ubaki upana wa kidole gumba cha mkono. Nimesema kidole kirefu, na kwa wengine ni cha pili, si gumba la mguu. Hizo kucha zinazogeuka nyeusi si alama ya bidii. Ni vidole vinavyogonga ukuta wa kiatu kila hatua.

Halafu wengi mmevaa raba za kiume. Kisigino cha mwanamke kwa kawaida ni chembamba ukilinganisha na upana wa mguu mbele, kwa hiyo ndani ya kiatu cha kaka yako kinapanda na kushuka mpaka kitoe lengelenge. Dawa iko kwenye yale matundu mawili ya juu kabisa, yaliyojitenga, ambayo hakuna anayejua kazi yake. Chomeka kamba kwenye tundu la upande uleule, isivuke, ibaki kitanzi kidogo. Fanya hivyo upande wa pili. Kisha pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha mwenzake, vuta kuelekea chini, funga. Kisigino kitatulia, na hukulipa senti.

Sidiria. Msichekeane, ni kifaa kama kiatu. Kinachobeba ni mkanda wa chini, si ule wa begani. Viingie vidole viwili. Inua mikono, mkanda ukipanda, ni mkubwa. Ruka mara 10 hapohapo dukani, wakutazame. Na chini ya mkanda paka mafuta ya mgando, maana jasho likikauka chumvi yake inakata.

Haya, stamina. Mwenyekiti ananionyesha saa. Kosa lenu ni moja: mnakimbia haraka mno. Mwendo wa kujenga stamina ni ule unaoweza kumsengenya mtu kwa sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukibaki na "ee" na "mm", punguza. Anayeanza akimbie dakika 1, atembee 2, arudie mara 10, siku 3 kwa wiki, asiziunganishe. Kila wiki aongeze kukimbia au apunguze kutembea, kimoja tu. Wiki ya 9 au ya 10 wengi hufikisha dakika 30 mfululizo. Hapo chagua siku moja ya mbio ndefu, ongeza kilomita 1 kwa wiki, kila wiki ya nne punguza. Pumzi hukaa sawa ndani ya wiki chache, mifupa na kano huchukua miezi. Ugoko ukiuma eneo refu, punguza. Ukiuma mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, acha kabisa, nenda hospitali. Huenda mfupa umeanza ufa.

Na jamani, marathoni si mbio yoyote tu, ni kilomita 42 na mita 195. Mtanzania mwenzetu Magdalena Shauri alipotoka wa tatu Berlin mwaka 2023, kwa saa 2:18:41, hakukimbia kilomita 5 na kupiga picha na medali.

Harakaharaka: wenye hedhi nzito, chai na chakula visikutane, chai inazuia madini ya chuma, ingoje saa moja, na maharage yakamulieni limau. Hedhi ikikatika miezi 3 na huna mimba, usijisifu uko fiti, huenda unakula kidogo kuliko unavyokimbia, muone daktari. Aliyejifungua asubiri walau miezi 3, na mkojo ukivuja asione aibu, yapo mazoezi ya misuli ya nyonga. Barabarani kimbieni kulia, mkitazamana na magari. Maji na vilima, leo sitawahi kuvieleza.

Nendeni mlangoni, kila mtu alete pea yake hapa mezani. Tuanze na ile ya zambarau.