Kwaheri, Kwaheri ya Kuonana, na Buriani: Maneno ya Kuiaga Hadithi Ndefu

Ndugu wasomaji wenzangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya hadithi yetu ya kihistoria, iliyokuwa ikitoka gazetini kipande kimoja kila wiki na sasa imekwisha, na nadhani hapa ndani hakuna anayehitaji kuelezwa ni hadithi gani. Kwa hiyo nitaanza na nilichokiona.

Kwa miaka kumi na miwili, chini kabisa ya ukurasa, upande wa kulia, palikuwa na neno moja la herufi za mlazo: Itaendelea. Tulilizoea hata hatukuliona tena. Juu ya ukurasa walikuwapo ndugu zake wawili, Ilipoishia na Sasa endelea. Safari hii nilipofika chini, jicho lilikwenda palepale lilipozoea, likakuta neno Mwisho. Nikaugeuza ukurasa nikatazama nyuma yake. Nyuma palikuwa na tangazo la magodoro. Nikaurudisha nikasoma tena aya ya mwisho, polepole, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo ambao anajua wazi kwamba ameupoteza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: nilikuwa naagana na nani? Mjumbe wetu, shujaa wa hadithi ile, hakuwahi kuwapo. Vita alivyopigana vilikuwapo, lakini vilikwisha kabla babu zetu hawajazaliwa. Mwandishi yu hai na mzima. Basi ni nani aliyeondoka?

Kiswahili kimetupa maneno kadhaa ya kuagana, na kila neno lina mahali pake. Unayetarajia kumwona tena unamwambia kwaheri ya kuonana. Ukisema kwaheri peke yake, umeurudishia mlango bila kuutia komeo. Huenda mkaonana, huenda msionane. Halafu lipo buriani, neno zito, ambalo halisemwi kila siku. Anayetoa buriani hutaka radhi. Kama nilikukosea, nisamehe, na kama nina haki kwako, nimekuachia, tusije tukadaiana huko mbele. Hoja yangu leo ni kwamba kwa hadithi iliyotuchukua miaka mingi hivi, kwaheri haitoshi. Inataka buriani, kwa sababu kati ya msomaji na hadithi ya mfululizo kuna madeni.

Kabla ya madeni, nina mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote. Mwezi Machi 1844 gazeti la Le Siècle la Paris lilianza kutoa, kipande kwa kipande, kisa cha d'Artagnan, kijana fukara wa Gascogne, jimbo la Ufaransa, aliyekuja mjini kutafuta nafasi katika kikosi cha walinzi wa mfalme. Mwandishi alikuwa Alexandre Dumas, akisaidiwa na Auguste Maquet katika kuchimbua mambo ya historia na kupanga visa. Mwaka 1845 Dumas akawarudisha mashujaa wake wakiwa watu wazima. Kisha kuanzia 1847 hadi 1850 akatoa sehemu ya tatu, ndefu kupita zote, ambamo wanazeeka na kuanguka mmoja baada ya mwingine. Aliyekuwa na miaka kumi na minane alipokisoma kipande cha kwanza, alikuwa na ishirini na minne alipomzika d'Artagnan.

Hebu tumtazame anavyokufa. Yuko vitani Uholanzi, mbele ya ngome anayoizingira. Ameletewa kisanduku chenye fimbo ya cheo cha marshali, cheo alichokitamani maisha yake yote. Ananyoosha mkono kukifungua, na papo hapo risasi ya mzinga inakivunja kisanduku na kumpiga yeye kifuani. Fimbo inabingirika hadi chini ya mkono wake, anaishika. Kisha anatamka maneno machache kwa rafiki zake watatu wa tangu ujana: Athos, Porthos, kwaheri ya kuonana, Aramis, kwaheri ya milele.

Sikilizeni alivyoyapanga. Athos na Porthos wamekwisha kufa, na hao ndio anaowaambia kuonana. Aramis yu hai, na huyo ndiye anayemuaga moja kwa moja. Dumas anasema maneno hayo wakati mmoja yalibeba mambo mengi duniani, lakini sasa hapakuwa na anayeyaelewa ila yeye mwenyewe anayekufa. Askari waliomzunguka walisikia majina ya watu tu.

Lakini alikuwapo mwingine aliyeelewa, nami naamini Dumas alimwandikia huyo. Alikuwa msomaji, aliyekuwa amefuatana nao miaka sita. Ukimpa sentensi ile mtu ambaye hakusoma, utakuwa umempa majina matatu tu. Ukimpa aliyesoma, atashindwa kuendelea mpaka apanguse macho. Hicho ndicho hadithi ndefu inachotujengea bila sisi kujua: lugha ndogo inayoeleweka na waliongoja tu. Hapa kati yetu nikisema "kivuko cha usiku," nawaona mnatikisa vichwa. Nikisema maneno hayohayo huko nje barabarani, ni kivuko tu.

Na kifo hicho hakikuzuliwa chote. D'Artagnan wa kweli, Charles de Batz, aliuawa hukohuko Uholanzi, katika kuuzingira mji wa Maastricht, mwezi Juni 1673. Msomaji aliyeijua historia angeweza kujua tangu kipande cha kwanza mtu huyu angekufaje.

Jambo hilo linanishangaza katika hadithi za kihistoria, na ningependa tulikalie kidogo. Katika hadithi nyingine hujui mwisho, ndiyo maana unasoma. Katika ya kihistoria mwisho umeandikwa tayari: ngome itaanguka, mfalme atapinduliwa, jeshi litarudi likiwa nusu. Bado tunasoma roho zikiwa juu. Kwa nini? Nadhani ni kwa ajili ya wale ambao historia haikuwaandika. Vitabu vya historia vinatuambia mji ulitekwa lini, lakini havituambii yule mpishi aliyekuwa jikoni siku hiyo alikimbilia wapi. Mwandishi anaingia katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi, anamweka mtu mle, anampa jina, farasi na maumivu ya goti, nasi tunamngoja huyo. Hadithi inapokwisha, historia inabaki kwenye rafu zake. Huyu ndiye anayerudi kwenye ukimya, wala hakuna kaburi la kwenda kumzuru.

Wasomaji wa Henryk Sienkiewicz waliyajua haya kwa uchungu kuliko sisi. Kuanzia 1883 hadi 1888 aliwapa hadithi tatu zilizofuatana katika magazeti, juu ya vita vya karne ya 17, wakati ambapo nchi yao ya Poland haikuwapo kwenye ramani; Urusi, Ujerumani na Austria zilikuwa zimeigawana. Mmoja wa mashujaa wake, Wołodyjowski, alikuwa mtu mdogo wa umbo mwenye upanga usioshindika, na alikuwamo tangu hadithi ya kwanza. Kila msomaji aliyekwenda shule alijua kwamba ngome ya Kamieniec ilichukuliwa na Waturuki mwaka 1672. Walimwona mtu wao akiingia ndani ya ngome hiyo na kuapa kwamba hataisalimisha, na kipande baada ya kipande wakaisubiri tarehe waliyoijua.

Anakufa mlipuko unapoivunja ngome. Mazishi yake ndiyo nisiyoweza kuyasahau. Kanisa limejaa, jeneza liko mbele, na padri badala ya kuanza kuhubiri anachukua ngoma ya vita na kuipiga kama anayeita askari. Kisha anamwita maiti kwa jina: mbiu ya hatari inalia, vita, adui ameingia mipakani, nawe huinuki? Watu wanaangua kilio. Ndipo mwishoni kabisa, baada ya mambo yote, mwandishi anageuka na kusema na wasomaji kwa sauti yake mwenyewe, kwamba hapa unakoma mfululizo huu wa vitabu, vilivyoandikwa kwa miaka kadhaa na kwa taabu si haba, ili kuitia mioyo nguvu.

Sentensi moja tu. Hakujisifu wala hakuahidi kurudi. Alitaja taabu yake na akataja sababu yake, akaondoka. Mimi naihesabu hiyo kuwa buriani kamili.

Sasa madeni. La kwanza ni la kwetu wasomaji. Mwenye kutunga mfululizo hutunga huku anakimbizwa. Kipande cha wiki hii kinachapwa, cha wiki ijayo bado kimo kichwani. Hawezi kurudi nyuma akafuta, kwa sababu nyuma kumekwisha somwa. Akimuua mtu kwa bahati mbaya, ameua. Tumekula taabu hiyo miaka kumi na miwili, na wiki ambazo kipande hakikutoka tulinung'unika kama watu waliodhulumiwa. Mimi nilinung'unika. Nilimtakia hata maneno ambayo leo siyarudii, na baadaye nikasikia kwamba wiki zile alikuwa anauguza. Kwa hilo namtaka radhi hapa hadharani.

Deni la pili ni lake. Mwandishi akitupa uzi mwaka wa kwanza na asiushike tena, anadaiwa. Katika kazi hii hilo halikwepeki. Jin Yong, aliyekuwa akitunga visa vya mashujaa wa upanga katika gazeti lake la Ming Pao, Hong Kong, alisafiri kwenda Ulaya mwaka 1965 na kumwachia rafiki yake Ni Kuang ashike kalamu ili vipande visikatike. Ni Kuang alikuwa hampendi msichana mmoja katika hadithi, A Zi. Akampofusha. Jin Yong aliporudi alimkuta kipofu, na wasomaji wamekwisha kusoma. Alifanya nini? Baadaye, alipozipitia hadithi zake zote upya, kazi iliyomchukua miaka ipatayo kumi, alivitoa vipande vingi vya rafiki yake, lakini upofu akauacha. Ulikuwa umekwisha kuwa sehemu ya msichana yule, na mapenzi ya mwisho ya kisa kile yanasimama juu ya macho yale yaliyopotea. Nampenda mwandishi kwa hilo. Kosa lilikuwa la mwenzake, lakini alilibeba likawa lake.

Kuna deni lisilolipika. Nakazato Kaizan wa Japani alianza mfululizo wake wa mpiga upanga aliyepotoka mwaka 1913, na aliendelea nao karibu miaka thelathini, mabuku arobaini na moja. Alikufa mwaka 1944 na hadithi haijakwisha. Wasomaji wake hawakupata neno Mwisho. Walibaki na Itaendelea ya kudumu. Mara nyingine nimefikiri hao wana bahati kuliko sisi, kisha nikaona sivyo. Anayeondoka bila kuaga huwaachia waliobaki kazi ya kumuaga peke yao.

Na wapo wasomaji walioondoka kabla ya hadithi. Mtaniwia radhi, hapa nitasema juu ya mmoja.

Hadithi yetu nilianzishiwa na mjomba wangu. Yeye ndiye aliyekata kipande cha kwanza kwa mkasi na kukiweka ndani ya bahasha ya khaki, na kila wiki akaongeza kingine, mpaka bahasha zikawa nne zilizofungwa kwa mpira. Mwaka wa sita macho yake yalikwisha. Kuanzia hapo nikawa namsomea. Nilipoketi tu aliuliza, "Tuliishia wapi?" Nikimwambia, alinisahihisha. Nilipofika kwenye Itaendelea alinyamaza kidogo, kisha akaanza kubashiri, na nusu saa ya kubashiri ilikuwa tamu kuliko robo saa ya kusoma. Naamini hilo ndilo lililoondoka wiki ile. Mjumbe wetu naweza kumrudia nikitaka, vipande vyote ninavyo. Lakini hakuna tena siku saba za kungoja pamoja na mtu mwingine, wote wawili hamjui, na kila mmoja ana lake.

Mjomba alifariki mwaka wa kumi, mjumbe wetu akiwa katikati ya mto na mshale begani. Wiki iliyofuata nilikisoma kipande kwa sauti, peke yangu chumbani. Sikujua namna nyingine ya kukisoma.

Mnaikumbuka ile barua. Imeshonwa ndani ya tandiko la farasi na yule bibi wa nyumba ya wageni, mwanzoni kabisa, na mjumbe anaambiwa asiifungue mpaka avuke milima. Alivuka milima. Farasi akauzwa, tandiko likabaki, halafu tandiko nalo halikutajwa tena. Nimesikia baadhi yenu mkilalamika kabla ya kikao kwamba hadithi imekwisha na barua haijasomwa. Mna haki. Mimi pia niliisubiri katika kipande cha mwisho mpaka mstari wa mwisho.

Usiku ule, baada ya tangazo la magodoro, nilizitoa bahasha za mjomba nikaanza upya kuanzia namba moja. Pembeni mwa kipande cha saba, pale bibi anapouma uzi kwa meno baada ya kushona, kuna mwandiko wake wa penseli, wa siku alizokuwa bado anaona: "Barua hii tusiisahau."

Mwandishi aliisahau. Nimemwachia, na kama yeye ana haki kwangu kwa yale niliyomnung'unikia, namwomba aniachie. Kipande cha saba nimekuja nacho. Nakipitisha kuanzia safu hii ya mbele, mkione. Kishikeni kwa pembe, karatasi imeanza kukatika kwenye mkunjo, na kikimaliza kuzunguka naomba kirudi kwangu.